Herufi Kumi Zilizobaki Njiani

Wenzetu katika kitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina ya mapacha. Sisi tumeomba nafasi tuandike juu ya koo. Msomaji asicheke. Kwetu Kasongo, katika jimbo la Maniema, kuna watu waliogombana kwa sababu ya koo, na sisi tulikuwamo katika ugomvi huo, tena upande ambao leo hatujisifii.

Tulikuwa watoto kumi na wawili hivi, wa nyumba nne za jirani, na tulisoma chuo kwenye baraza ya Maalimu, ambaye kwa baadhi yetu alikuwa babu mzaa mama. Asubuhi tulikwenda shule, kwa Kifaransa. Alasiri tulikaa kwenye mkeka, kila mmoja na ubao wake. Wino tulijitengenezea wenyewe kwa masizi ya sufuria. Somo likisha kuingia kichwani, ubao unaoshwa, unaandikiwa lingine. Tuliimba: be fataha ba, be kasira bi, be zuma bu, mpaka wamama waliopita na ndoo za maji waliitikia. Maana ya maneno hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Na herufi tulizisema kwa kinywa cha kwetu. Hapa inafaa tueleze vizuri, maana ndipo ugomvi ulipotoka.

Kiarabu kina herufi 28. Sisi tulikuwa tunaziandika zote 28, lakini masikioni zilikuwa chache. Tukizisoma, dhali, dhwadi, dhwa na ze zilitoka zote kwa sauti moja, z. Tazama maneno yetu ya kila siku: zahabu ina dhali kwa Kiarabu, Ramazani ina dhwadi, azuhuri ina dhwa, na zaituni peke yake ndiyo yenye ze ya kweli. Masikio ya mtu wa Kasongo hayaoni tofauti. Vivyo hivyo Asumani, salamu na sadaka: kwa Waarabu ni herufi tatu mbalimbali, kwetu ni s tupu. Habari, haki na hewa: herufi tatu, kwetu ni h. Kalamu na kitabu: mbili, kwetu ni k. Tajiri na tabibu: mbili, kwetu ni t. Na ile aini, herufi inayobana koo, sisi tuliimeza kabisa tukabaki na alifu. Siku moja tulikaa na kaye na biki tukahesabu: kutoka 28 tulibaki na 18. Herufi kumi zilikuwa zimebaki njiani.

Njia yenyewe ni ndefu. Uislamu ulifika kwetu na misafara ya biashara iliyotoka pwani na Unguja, biashara ambayo sote tunajua ilikuwa ya pembe, na ya watu pia. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 alikuta wafanyabiashara hao wamekwisha kukaa pale. Kasongo nayo ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake. Mwaka wa 1893 jeshi la Mfalme Leopold likateka Nyangwe na Kasongo, na utawala ukabadilika. Wakubwa wakaenda, dini ikabaki mikononi mwa Wangwana, yaani watu wa hapa hapa, waliojifunza kwa kusikia. Wakoloni hawakupenda vyuo vya Kurani, na shule walizikabidhi kwa misheni. Basi kwa miaka mingi hakuja mwalimu kutoka nje wa kusema, hapana, si hivyo. Kinywa kilifundisha kinywa. Maalimu alisema alivyomsikia mwalimu wake, na mwalimu wake vilevile alivyomsikia wake. Tukifikiri hivyo, ajabu si kwamba herufi kumi zilipotea. Ajabu ni kwamba 18 zilifika.

Katika miaka ya 1980 akarudi kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyepata kusoma miaka kadhaa katika nchi ya Waarabu. Jina lake tunaliacha. Siku ya kwanza tulimsalimia: «Karibu, Ustazi.» Akatutazama. «Ustadhi,» akasema. «Weka ulimi kati ya meno.» Yaani hata kumwita tulikuwa hatujui!

Alikuwa na redio ya kaseti, na kaseti za msomaji wa Misri, Mahmoud Khalil al-Husary, yule aliyekuwa wa kwanza kurekodiwa akisoma Kurani nzima, mwaka wa 1961. Tulikuwa hatujasikia kitu kama kile. Kila herufi ilikuwa na nyumba yake. Tukaanza kwenda kwake usiku, baada ya chuo cha Maalimu, bila kumwambia Maalimu.

Lazima tuseme kweli: yule kijana alijua kufundisha. Alituambia koo ina sehemu tatu. Chini kabisa, karibu na kifua, zinatoka hamza na he. Katikati, aini na ha. Juu, karibu na kinywa, ghaini na kha. Hesabu hiyo ni ya zamani sana. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya 8, alipanga kamusi yake akianzia kooni, si alifu-be-te, ndiyo maana kitabu chake kinaitwa Kitabu cha Aini. Mwanafunzi wake Sibawayhi akaandika sarufi kubwa ambamo alieleza kila herufi inatoka wapi, na ulimi unagusa nini. Na huyo Sibawayhi alikuwa Mwajemi. Hilo tulilijua baadaye sana, tukasikitika kwamba hakuna aliyetuambia mapema: mtu aliyewafundisha Waarabu namna ya kueleza herufi zao, yeye mwenyewe hakuwa Mwarabu.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa mchezo na mateso. Kha ilikuja upesi, maana sisi ni watu wa mto Lualaba, na nani hajawahi kukwamwa na mwiba wa samaki? Kwa ghaini, tulisukutua maji kooni, halafu tukajaribu bila maji. Aliyeipata wa kwanza ni yule mwenzetu tuliyezoea kumcheka shuleni kwa sababu alijifanya Mzungu, akisema «Paris» kwa r ya Wafaransa. Kumbe ile r yake ni jirani kabisa wa ghaini. Na the na dhali alizipata mdogo wetu wa kike, mwenye kitembe. Tangu aanze kusema, watu walimwambia s yake imeharibika. Usiku ule Ustadhi alimwambia aseme «Uthmaan», akasema, na Ustadhi akatugeukia: «Mumsikilize huyu.» Alikaa wima kama mtu aliyepewa kiti. Mpaka leo ni mama wa watoto sita, na bado anautaja usiku ule.

Kafu nzito ilitusumbua. Inatoka nyuma kabisa ya ulimi, karibu na kidaka tonge, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba. Na hapo ndipo Ustadhi alipotupa ule mfano ambao afadhali asingetupa. Kwa kafu nzito, neno kalb ni moyo. Kwa kafu nyepesi, ni mbwa. Akaongeza mwingine: aliim kwa aini ni mwenye kujua, aliim kwa hamza ni chenye kuumiza. «Sasa fikirini,» akasema, «wazee wenu wanasema nini mbele ya Mungu.»

Tulicheka. Tulicheka sana, na kesho yake tukacheka kwenye mkeka wa Maalimu alipofika kwenye neno lile. Aliuliza kuna nini. Tukanyamaza, halafu mmoja wetu, mjinga kuliko wote, akamwambia.

Hakutupiga. Alishika ubao akautazama muda mrefu, kama anayetafuta kosa katika maandishi, na maandishi hayakuwa na kosa. Kisha akasema, si kwetu, ila kwa nafsi yake: «Kumbe miaka hii yote minasema mbwa?»

Maneno yakaenea. Ijumaa moja Ustadhi akasema hadharani kwamba sala nyuma ya mtu asiyetimiza herufi za Fatiha si sala. Watu wakagawanyika, vijana huku, wazee kule. Kwenye kilio kimoja wakasomewa marehemu dua mara mbili, kila kundi na yake. Maalimu hakujibu. Aliacha tu kusimama mbele. Alikuja, akasali safu ya nyuma, akaenda zake. Chuo kikafungwa bila mtu kutangaza kimefungwa. Mkeka ulikunjwa na kuegemezwa ukutani, basi.

Baadaye wakubwa waliosoma walieleza kwamba vitabu vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani na yetu, vinatenganisha mtu asiyeweza na mtu anayeweza lakini hataki kujifunza. Asiyeweza, sala yake ni sala, na anaweza kuwaongoza walio kama yeye. Ustadhi mwenyewe alilijua hilo. Tulipomkabili alikubali, akasema alikuwa kijana na alikuwa na haraka. Tunamsifu kwa kukubali. Lakini wakati ule hakulisema, na sisi hatukuwa na elimu ya kumjibu, au tuseme hatukutaka, maana ilikuwa tamu kujua kitu ambacho mzee hajui.

Miezi ikapita. Jioni moja Maalimu akamtuma mjukuu atuite. Tulikwenda wanne, tukidhani tunakwenda kugombezwa. Tulimkuta amekaa, mkeka umekunjuliwa. Akatuonyesha tukae, na yeye mwenyewe akashuka kutoka kwenye kiti chake akakaa mkekani nasi.

«Batoto,» akasema, «ile aini iko wapi mu koo? Munionyeshe.»

Hakuna aliyeweza kufungua kinywa. Mtu aliyetushika mkono kuandika alifu ya kwanza! Akarudia. Basi tukaanza. Tulimweleza sehemu tatu za koo. Alijaribu, ikatoka alifu. Akajaribu tena, akakohoa. Alikuwa amepita miaka sabini, meno ya mbele hayapo, kwa hiyo the na dhali hazikuwa na mahali pa kukaa. Hilo alilicheka mwenyewe. Tukamwambia abane katikati, kama mbuzi anavyolia. Mbuzi wake walikuwa nyuma ya nyumba, na kwa wiki nzima majirani walimsikia Maalimu akijibizana nao alfajiri. Wengine walidhani uzee umempanda kichwani.

Siku ya nane au ya tisa, ilitoka. Mara moja tu, safi, ya katikati ya koo. Akanyamaza kama aliyeona nyoka. «Ni ile?» «Ni ile, Maalimu.» Hakuipata tena siku ile.

Ni katika jioni hizo tuligundua pamoja naye jambo ambalo hakuna kaseti iliyotufundisha. Alikuwa akisema taratibu maneno yetu ya Kiswahili, jamaa, saa, maana, baada, maarifa, akiyalinganisha na ya Kiarabu. Akatusimamisha: «Mbona hapa tunavuta a mara mbili?» Tukatazama. Kila mahali pale, kwa Kiarabu, pana aini. Watu waliotuletea maneno hayo walishindwa kuichukua herufi yenyewe, lakini hawakuziba nafasi yake; waliiacha wazi, na sisi tunaivuta a mpaka leo bila kujua tunakwepa shimo gani. Maalimu alifurahi kuliko siku ile ya mbuzi. Alisema «jamaa» mara tano, sita, akisikiliza.

Kafu nzito aliipata nusu. Dhwadi hakuipata. Lakini alirudi kusimama mbele, na wa kwanza kusali nyuma yake siku hiyo alikuwa Ustadhi. Walisemezana nini kabla ya hapo hatujui, na wote wawili sasa ni marehemu.

Mwaka wa 1994 tulimrekodi Maalimu akisoma Fatiha na sura fupi chache, kwa ile ile redio. Vita vilipokuja, mwenzetu mmoja alikimbia na kaseti ile ndani ya gunia la muhogo mkavu, ikafika Kindu salama. Siku hizi imehamishiwa kwenye simu. Watoto wetu, ambao wamefundishwa herufi zote 28 vizuri, wakiisikiliza wananyosha kidole: hapo babu amesema z. Tunawaambia ndiyo, amesema z. Jina la kaka yenu ni nani? Ramazani. Haya.

Lakini mwanzo wa kaseti, kabla hajaanza, kuna sauti ambayo watoto walidhani ni upepo. Si upepo. Maalimu alikuwa na tabia ya kufuta miwani kabla ya kusoma. Aliivua, akaipulizia pumzi ya moto, upande huu na upande huu, halafu akaifuta na kanzu. Mukiweka sikio karibu mutaisikia vizuri: ni ha ya katikati ya koo, mara mbili, haina kasoro hata kidogo. Halafu anakohoa, anasema bisimilahi, na kuanza alhamudu kwa h yetu.