Kihamba cha Vitabu

Juma lililopita nilikuwa Old Moshi, nyumbani kwa marehemu baba. Uvunguni mwa kitanda chake nilikuta sanduku la madaftari aliyoyaandika kwa mkono: desturi za mirathi, mipaka ya vihamba, mausia ya wazee. Mchwa wamekwisha kula nusu.

Nilikikumbuka kitabu cha mmisionari Bruno Gutmann kuhusu sheria za Wachaga, kilichotoka München mwaka 1926. Waliomsimulia ni wazee wa mlima huuhuu. Mchapishaji wake, C.H. Beck, ni biashara ya familia iliyoanzishwa Nördlingen mwaka 1763. Katika karne ya 19 iliendelea kurithiwa ndani ya ukoo, na mwaka 1889 Oscar Beck akaihamishia München. Hadi leo ingali mali ya ukoo huo.

Sisi nasi twajua kurithishana. Kihamba hakiuzwi ovyo. Migomba na kahawa hupokezanwa kizazi kwa kizazi. Lakini maneno ya babu zetu yaliota katika kihamba cha wengine, nami, mwenye shahada ya uzamivu, nilihitaji kamusi ya Kijerumani ili niyasome.

Siwalaumu akina Beck. Nawauliza matajiri wetu wanaojenga majumba ya kulala Desemba tu: ni nani aliyeanzisha nyumba ya uchapishaji atakayomrithisha mwanawe?

Wala sijitoi lawamani. Baba aliniomba niyachape madaftari yale miaka 11 iliyopita. Nilimjibu kwamba nina makala za kukamilisha ili nipandishwe cheo.

Nilipandishwa.