Gari Iko Njiani, Njia Gani?

Coventry, Aprili 2025

Ndugu zangu wa Tumbe, Pemba,

Nakuandikieni nikiwa na hasira, na hasira zenyewe nimezigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la muuza gari mmoja wa mji huu, aliyeniahidi gari mpya mwezi wa Machi. Ramadhani imekwisha, Idi tumesali, gari haijaja. Fungu la pili, ambalo ndilo kubwa, ni lenu nyinyi. Mwana wa dada yangu, aliyenunua kirikuu ya kupakilia samaki kuwapeleka Chake, amenipigia simu usiku wa manane: "Mjomba, gari iko njiani, lakini inadaiwa storeji ya bandarini." Njia gani? Hajui. Meli gani? Hajui. Aliyemlipa alimwambia itafika lini? "Kabla ya karafuu." Karafuu za mwaka gani, hilo hakuuliza.

Ngojeni kwanza nikuelezeni ya huku, maana yanaeleza kwa nini sikulala.

Hapa Uingereza namba ya gari husema umri wa gari. Ni herufi mbili, tarakimu mbili, halafu herufi tatu. Zile tarakimu ndizo zinazowatia watu wazimu. Gari iliyosajiliwa tangu Machi mosi 2025 mpaka mwisho wa Agosti ina 25. Ya kuanzia Septemba itakuwa na 75, yaani ile 25 imeongezwa 50. Mpango huu ni wa Septemba 2001, lakini mwaka ulianza kuonekana kwenye namba tangu 1963, wakati huo kwa herufi moja tu, na tangu 1999 alama ya umri hubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Kwetu Zanzibar ukiiona namba ya Z barabarani hujui mwaka wake, labda uwe katika wale vijana wa Konde wanaokaa kibarazani kufuatilia herufi. Huku jirani akitoa gari uani, mtaa mzima umeshajua ya lini. Ndiyo maana mtu anayetaka gari Februari huambiwa subiri kidogo, na husubiri kweli, kwa sababu ya tarakimu mbili za bati.

Lakini fahari ya bati ni jambo dogo. Tarehe ya kusajiliwa ndiyo inayohesabiwa kwa kila kitu: ukaguzi wa kwanza wa lazima hufanywa gari ikitimiza miaka 3 tangu tarehe hiyo, dhamana ya kiwanda kwa kawaida huanza kuhesabiwa hapohapo, na kodi ya gari, mfano wa rodi laisensi yetu, huifuata tarehe hiyohiyo. Kodi ya mwaka wa kwanza hutozwa kwa moshi, kwa gramu za kaboni ambazo gari inatoa kila kilomita. Yangu ni ya petroli, imo katika fungu la gramu 111 hadi 130. Mpaka Machi 31 fungu hilo lilikuwa pauni 220. Aprili mosi likawa 440. Rangi ileile, injini ileile, moshi uleule. Umepita usiku mmoja tu. Wa gari za umeme wameumia zaidi. Ile ya zaidi ya pauni 40,000 iliyosajiliwa Machi imeepuka nyongeza ya gari za ghali. Kwa kanuni za Aprili 2025, mwenzake wa Aprili alipangiwa kudaiwa pauni 425 kila mwaka kwa miaka 5, kuanzia mwaka wa pili.

Viwango vya mwaka wa kwanza vilitangazwa katika bajeti ya Oktoba 2024, kwa hiyo nilipokwenda kuagiza nilikuwa navijua. Nikamwambia muuzaji: andika hapa kwenye fomu ya oda, gari ikisajiliwa baada ya Machi 31, tofauti ya kodi ni juu yenu. Akacheka, akaandika, akatia saini, kama mtu anayempa mtoto peremende ili anyamaze.

Machi ikaingia na maneno yake. Mara gari iko melini. Mara imeshushwa, iko bandarini. Mara inangoja lori la kuileta. Basi msidhani Wazungu hawachelewi. Wanachelewa, na uongo wao ni ndugu wa ule wa soko la Darajani, tofauti ni kwamba huu huja kwa barua pepe yenye jina la mtu chini yake. Tarehe 31 ilipokaribia muuzaji akaniletea ujanja: tuisajili sasa hivi kwa jina lako, ingawa bado iko bandarini, utaokoa kodi. Nikapiga hesabu. Niokoe kodi ambayo si mimi wa kuilipa, huku dhamana inaanza kuliwa gari ikiwa uwanjani inanyeshewa, na jina langu limeandikwa juu ya kitu ambacho sijakitia jicho? Nikakataa. Siku ya pili nikamtumia picha ya saini yake. Wamenijibu kwa maandishi kwamba pauni 220 zitakatwa kwenye salio langu.

Na gari yenyewe nimewapa siku. Sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inasema kama hamkupatana tarehe, bidhaa ifikishwe ndani ya siku 30. Mkipatana na ikapita, mnunuzi anaweza kutoa muda mwingine wa kiasi, na huo nao ukipita ana haki ya kuvunja mkataba na kurejeshewa pesa zake zote. Muda huo nimeuandika, wameupokea. Nangoja, lakini nangoja nikiwa na kitu mkononi.

Sasa nyinyi.

Kinachoniuma ni kwamba hamna ujinga wa tarehe hata kidogo. Mtu wa Tumbe hapotezi siku ya bamvua. Anajua maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi, anajua mwezi wa ngapi kusi linashika, anajua lini watu wanakwenda dago na lini wanarudi. Dikoni mnadi akichelewa nusu saa anatukanwa mpaka mama yake. Mchuuzi aliyekopa tenga la samaki asubuhi akipitisha magharibi hajalipa, mji mzima unamjua. Ukali huo wa saa na siku mnautumia kwa changu na tasi. Kwa gari ya mamilioni ya shilingi, iliyokusanywa kwa karafuu za misimu, mkufu wa mke na pesa za mjomba aliye ughaibuni, mnampa mtu kitita mkononi pale Malindi, Unguja, kwa kuwa "ni mtu wa kwetu, anamjua baba." Kumwomba karatasi ni kumvunjia heshima, eti. Haya, heshima imebaki, gari iko wapi?

Na msinitajie inshaallah. Sisi sote twasema inshaallah. Mimi niliisema mbele ya yule muuzaji, kisha nikampa kalamu. Anayetuamrisha kuandika deni la muda maalumu ni Mola wetu Mwenyewe, katika Suratul Baqara, katika aya ndefu kuliko zote. Mmeihifadhi chuoni nyote, nami nilikuwapo, tukichapwa pamoja.

Basi anayetaka kununua gari ya Japani asikilize. Usitoe pesa kabla ya kupewa ankara yenye namba ya chesisi, na risiti yenye jina la aliyepokea pesa, sio jina la duka lisilo na mlango. Gari ikishapakiwa dai hati ya shehena, ile BL, usome humo jina la meli na bandari ya kushukia; jina la meli ukilipata unaweza kuifuata baharini kwa simu yako, huna haja ya kuambiwa "iko njiani." Muandikiane tarehe, na chini yake muandikiane nani atalipa storeji tarehe ikipita, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Mwaka wa gari nao uangalie mwenyewe: hati za Japani mara nyingi huandika mwaka kwa enzi za wafalme wao. Heisei ongeza 1988, Reiwa ongeza 2018. Heisei 25 ni 2013, Reiwa 2 ni 2020. Tena hiyo ni tarehe ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kiwandani gari inaweza kuwa imetoka mwaka wa nyuma yake. Huko Bara umri huo unakula pesa, gari ndogo iliyopindukia miaka 10 huongezewa ushuru wa asilimia 30. Na kwa wenye jamaa Mombasa mambo ni mazito zaidi, maana shirika la viwango la Kenya, KEBS, halipokei gari iliyopita miaka 8, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza nao ukihesabiwa. Tangu Januari mosi 2025 gari iliyosajiliwa 2017 haiingii. Meli ikikawia ikatia nanga baada ya mwaka mpya, gari iliyopakiwa halali imeshuka haramu.

Kwako wewe wa kirikuu. Nenda kwa huyo mtu wa kwetu, umwamkie, ukae kitako, unywe kahawa yake, halafu umwombe BL. Akikupa, nipigie picha. Pesa ya storeji ninayo, nimeiweka kando, lakini haitoki mpaka nisome jina la meli na siku iliyoshusha. Na bibi yako usimpe simu aniombe kwa niaba yako. Najua ataniita baba, na najua mimi nitalegea.