Muuguzi wa Zahanati ya Kijijini Kwetu Atoke Wapi?

Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilipiga simu ambayo hadi leo sijaisahau. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa amepangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya mbali, magharibi mwa nchi. Alikuwa mgeni, hana nyumba ya mtumishi, na lugha ya wenyeji haijui. Alikuwa akilia kila tulipozungumza. Nami, kama wasomi wengi wa nchi hii, nilikuwa na mtu niliyesoma naye ambaye neno lake lilikuwa na uzito. Haikupita miezi mitatu, shemeji akahamia mjini. Nyumbani nilipongezwa. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyebaki na funguo za zahanati ile.

Swali hilo lilinirudia mwaka jana nilipokwenda Simiyu kumwona mama. Mama ni Msukuma wa kijijini. Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, si cha kuelezea maumivu. Alikuwa amepewa dawa za shinikizo la damu. Nilipohesabu vidonge nikakuta vingi vimebaki. Kumbe alikuwa akimeza siku anazojisikia vibaya tu. Nikamuuliza kama hakuelekezwa.

"Alinieleza, mwanangu. Nikamwitikia ndiyo."

Aliitikia kwa heshima, maana kwake mgeni anayekuhudumia habishiwi wala haulizwi mara mbili.

Kesho yake nilifuatana naye zahanati. Nilikwenda na hasira, nikarudi na aibu. Muuguzi alikuwa binti kutoka Kilimanjaro, mpole, na yuko peke yake: anapima wajawazito, anachanja watoto, anafunga vidonda, usiku anazalisha, kisha anajaza vitabu vya MTUHA. Alikwisha kujifunza kusema "mwangaluka, mayu", na akina mama walimpenda kwa hilo. Lakini salamu peke yake haitoshi kumwelewesha mgonjwa kwa nini ameze kidonge hata siku ambayo haumwi. Tulipoagana alinisogelea akasema kwa sauti ya chini: "Samahani kaka, huko mjini hamna mtu mnayemfahamu anayeweza kunisaidia uhamisho?"

Sikuwa na jibu. Kumnyima mtoto wa watu nilichompa shemeji yangu ni unafiki; kumsaidia ni kuifunga zahanati ya mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tatizo hili tunalitazama kutoka upande usio wake. Tunahesabu majengo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 hadi 2017, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na kwa hakika majengo mengi yalisimama. Kisha tunahesabu wahitimu. Ni nadra kuuliza wahitimu hao wametoka wapi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 uliohuishwa mwaka 2021, linashauri vyuo vya afya vidahili vijana waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kubaki.

Kwetu mlango huo ni mwembamba. Chuo cha uuguzi kinadai ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mikoa iliyotangulia kupata shule za misheni, kama Kilimanjaro na Kagera, ilianza safari mapema, na hilo si kosa la watu wake. Shule za kata zilipoenea baada ya mwaka 2004, nyingi zilianza bila maabara wala walimu wa kutosha wa sayansi. Mpwa wangu anayeishi na mama alisoma katika mojawapo. Alifaulu Baiolojia, Kemia ikamshinda, na Fizikia aliiacha baada ya kidato cha pili kwa sababu mwalimu hakuwapo. Leo ndiye anayemhesabia bibi yake vidonge na kumweleza kwa Kisukuma akaelewa.

Najua pingamizi litakalokuja: huu si ukabila kwa jina la afya? Ni pingamizi zito. Taifa hili limejengwa kwa kuwachanganya watu, na simtaki muuguzi anayeuliza jina la ukoo kabla ya kushika sindano. Sidai Simiyu iuguzwe na Wasukuma watupu. Nadai kwamba kuchanganya kwa kweli ni kwa pande zote: kama binti wa Moshi anaweza kupangiwa Simiyu, binti wa Simiyu naye aweze kufika chuoni na kupangiwa Moshi.

Wala sidai viwango vishushwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo alama za kuingia fani za sayansi. Walifundishwa kwanza, wakapimwa, ndipo wakadahiliwa. Vyuo vya uuguzi vinaweza kufanya hivyo kwa vijana wa wilaya zenye uhaba mkubwa, wavulana kwa wasichana. Na yule binti wa Kilimanjaro ajengewe nyumba na apatiwe mwenzake wa zamu, maana hata mzaliwa wa pale, akiachwa peke yake hivyo, naye atatafuta mtu wa kumpigia simu.

Mpwa wangu anarudia mitihani miwili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada nalipa mimi. Jirani yake, aliyesoma naye dawati moja, hana mjomba mhadhiri. Kwa huyo ndiko sera inakopaswa kuanzia.