Kukimbia Bila Kukimbizwa: Njia Zangu za Asubuhi, Kasongo na Kabambare



Baada ya mkutano wa juma lililopita, wengi waliniuliza: mwalimu, kila asubuhi unakimbia kwenda wapi? Niliahidi kujibu hapa. Lakini kabla ya kuwaonyesha njia, niwaeleze kwanza kosa nililolifanya, ili mwingine asilirudie.

Muuguzi alikuwa ameniambia kwamba tansio yangu imeanza kupanda. Nikamjibu kwamba ninasimama mbele ya ubao tangu asubuhi hadi saa saba. Akacheka: “Kusimama si kutembea, mama.” Basi kesho yake, saa kumi na moja na nusu, giza bado halijaisha, nikavaa viatu vya raba, nikafunga kikwembe juu ya suruali, nikapiga mbio katikati ya nyumba za mtaa wetu. Nilipofika nyumba ya tatu, mlango ukafunguka. Mama mmoja akatoka, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, binti yake nyuma ameshika mkeka. Akaniuliza: “Mwalimu, wamefika wapi?”

Nilisimama palepale, nikakosa la kusema. Yule mama hakuwa mjinga. Kwetu neno kukimbia lina maana yake. Watu walikimbia katika vita vya 1996, wakakimbia tena katika vita vya 1998, na huko Kabambare wako waliokimbia mara nyingi baada ya hapo. Mimi mwenyewe nililala porini nikiwa mtoto. Anayeona mtu akipita mbio alfajiri hafikirii afya, anahesabu watoto wake.

Nilimwomba msamaha, nikarudi nyumbani kwa miguu ya aibu. Jioni nikaenda kwa nyumbakumi na kwa majirani, nikaeleza nia yangu. Tangu siku ile nina sheria moja: kati ya nyumba ninatembea na kusalimia kila mtu. Mbio zinaanza baada ya nyumba ya mwisho.

Sasa njia.

Ya kwanza ni ile ya kuelekea upande wa Lualaba. Ni nzuri kwa anayeanza, maana haina mlima mkali. Udongo ni mwekundu, na mahali pengi kuna miembe mikubwa ya kukupa kivuli. Kushoto na kulia ni mashamba ya mihogo, karanga na mpunga. Mimi ninakimbia kutoka mwembe mmoja hadi mwingine, halafu ninatembea hadi wa tatu, halafu ninakimbia tena. Usione haya kutembea. Mwili unajifunza kama mtoto wa mwaka wa kwanza: herufi chache kwa siku.

Upande huohuo ndiko kuliko Tongoni, penye Kasongo ya zamani, mji wa Tippu Tip. Jina lenyewe linasema: tongo ni mahali palipohamwa. Majeshi ya Dhanis yaliuteka mji ule mwaka 1893. Na ukifuata Lualaba utafika Nyangwe. Pale sokoni, tarehe 15 Julai 1871, watu wa biashara ya pembe na watumwa walifyatulia bunduki umati wa wachuuzi. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa wamekuja na vikapu vyao, na wengi walizama mtoni wakijaribu kuponyoka. Livingstone aliyaona kwa macho yake na kuyaandika. Ninawafundisha wanafunzi habari hiyo kila mwaka. Ninapopishana asubuhi na wamama wanaokwenda soko, mzigo kichwani, wakicheka, ninakumbuka kwamba kwenda soko kwa amani si jambo dogo.

Njia ya pili ni ya msituni. Pale mashamba yanapokwisha, kila bonde lenye kijito lina mstari wa miti mirefu. Ukiingia unahisi baridi kama ya nyumba ya udongo. Unasikia maji, unanusa mihogo iliyolowekwa, na mara nyingi utakuta wamama wenzetu wanaosha vyombo. Kijia ni chembamba: nafasi ya mtu mmoja, au kinga moja iliyobeba mitungi ya mawese. Ukisikia kengele, ondoka njiani, yule hawezi kusimama kwenye mteremko. Mvua ikinyesha usiku, siku hiyo acha; udongo unateleza kama sabuni na mizizi imejificha. Tena tazama chini kila wakati. Nyoka mara nyingi hukimbia mwenyewe akisikia miguu, lakini siafu hawakimbii. Siku nilipokanyaga safu yao ndipo nilipokimbia kuliko siku zote.

Njia ya tatu iko Kabambare, ninakokwenda likizoni kwa nyanya yangu. Kule nchi inapanda na kushuka taratibu, majani marefu juu ya vilima, miti chini mabondeni, na vijito vingi vinakwenda kuungana na Luama. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, asubuhi kuna ukungu mwepesi na hewa tamu. Misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare kwenda Kasongo, na pembe za ndovu zikarudi zikiwa mabegani mwa watu waliofungwa minyororo. Nyanya aliponiona nikirudi na jasho aliuliza: “Nani amekutuma?” Nikasema: “Hakuna, nyanya. Nimejituma.” Alinyamaza kidogo, kisha akaniletea maji.

Lakini Kabambare sitoki bila kuuliza. Ninauliza kwa chefu wa kijiji na kwa wale waliolala shambani. Kuna wiki wanasema “leo hapana”. Basi ninakaa uani na kumenya karanga. Njia itakuwapo kesho, na mama awepo pia.

Kwa anayetaka kuanza: pima tansio kwanza kituo cha afya. Mwenye mimba, au aliyejifungua karibuni, azungumze na muuguzi. Mnyonyeshe mtoto kabla ya kutoka, kunywa maji, waambie wa nyumbani unapita wapi. Na usiende peke yako. Watatu ni vizuri. Haidhuru kama huna viatu vya mbio, ila usikimbie na kandambili, zitakuangusha. Dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, zinatosha kuanza.

Mnajua kwamba mwaka 2016 Beatrice Kamuchanga, binti wa upande wa Goma, alikimbia mita 5.000 kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro. Sisi hatutafuti Rio. Tunatafuta pumzi, usingizi mzuri, na saa moja ya kuzungumza bila mtu kuuliza sombe imeiva.

Yule mama wa sufuria? Sasa tuko naye, na binti yake. Tukipita nyumba ya mwisho yeye ndiye anayeita: “Wamefika wapi?” Nasi tunajibu kwa pamoja: “Ni sisi, tumefika!” Halafu tunaanza.

Jumamosi, saa kumi na mbili, chini ya mwembe wa shule. Njooni.