Gari Lililotugharimu Mbuzi

Juma hili tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya gari. Tunajua ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya nyumba na malezi. Lakini gari nalo siku hizi limekuwa kitu cha nyumba, na hili letu limetugharimu mbuzi.

Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Binti yetu wa pili, aliyekuja kwetu Kisauni kujifungua mimba yake ya kwanza kama ilivyo ada, alishikwa na uchungu. Ahli yetu akamvisha buibui, sisi tukatwaa ufunguo. Tulipouzungusha, taa zikafifia, na chini ya boneti pakasikika ta-ta-ta-ta, mfano wa cherehani iliyokwama. Tukajaribu mara ya pili, na ya tatu. Vijana wa mtaani wakaamka, wakalisukuma hadi karibu na msikiti huku wakitweta, wala hapakuwa na aliyekumbuka kwamba gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Binti yetu alikuwa ameegemea ukuta, ameng'ata ncha ya mtandio, halalamiki. Huko kutolalamika kwake ndiko kulikotuumiza. Mwishowe tukapata tuktuk, tukavuka daraja la Nyali tumebanana, kila tuta likimkata pumzi. Alifika salama, na kabla ya jua kuchomoza Mwenyezi Mungu alituruzuku mjukuu wa kike.

Asubuhi ile ile, kwa hamaki, tukahukumu: betri imekufa. Tukaenda dukani, na muuzaji, bila kuipima ile ya zamani, akakubaliana nasi upesi. (Muuza betri atakataaje?) Akaitwaa ile kuukuu, akatupunguzia bei kidogo, na iliyobaki tukailipa kwa fedha tulizokuwa tumeziweka kando kwa ajili ya mbuzi wa akika. Tulijiambia kwamba tutazirudisha kabla ya siku ya saba. Gari likawaka mara moja, nasi tukarudi nyumbani kama mtu aliyeshinda kesi.

Ahli yetu alikuwa na neno. "Bwana," akasema, "mimi nimeona kitu. Wiki mbili hizi, gari likikataa, ukifungua boneti kisha ukaifunga kwa kishindo, huwaka. Betri iliyokufa hufufuliwa na kishindo?" Tukamjibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Tumeliandika jibu hilo kama tulivyolitamka, bila kulipamba.

Siku ya sita gari likakataa tena, na betri mpya ndani yake, kwa mlio ule ule.

Safari hii tulimwita fundi mmoja mtu mzima. Hakuuliza gari lina nini. Aliuliza linafanya nini. Ufunguo ukizungushwa, injini huzunguka au haizunguki? Kuna mlio, au ni kimya? Mlio mmoja, au mingi? Taa hufifia, au husimama vile vile? Hukataa asubuhi tu, au hata likitoka safari? Tukamkumbuka muuguzi wa usiku ule: naye alimuuliza binti yetu uchungu ulianza saa ngapi na unarudi baada ya dakika ngapi. Sisi, tuliosomeshwa tangu utotoni kwamba kadhi hahukumu kabla ya kuwasikiliza wote, tulibabaika. Aliyejibu ni ahli yetu, kutoka nyuma ya pazia la mlango, jawabu baada ya jawabu, na akamalizia kwa habari ya kishindo cha boneti. Fundi akacheka taratibu. "Mama amekwisha nifanyia kazi yangu," akasema.

Akatoa mita. Betri ilisoma volti 12.6, nzima kabisa. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na ya pili kwenye chuma cha injini, akatuambia tuzungushe ufunguo. Mita ikasoma volti 3. "Hapa haitakiwi kuzidi nusu volti," akasema. "Umeme wenu unapotea njiani." Akaufuata ule waya mnene wa hasi, ambao mafundi huuita waya wa athi, mpaka pale ulipofungwa kwa bolti kwenye injini. Chini ya vumbi palikuwa na kutu. Upepo wa bahari unaotutobolea mabati ulikuwa ukifanya kazi yake na huko pia. Kishindo cha boneti kiliutikisa waya tu, ukagusa chuma kwa muda, kisha ukaachia tena. Akapakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza bolti, akapaka grisi. Kazi ya robo saa, na ujira wake haukufika sehemu ya kumi ya bei ya betri.

"Na ile betri ya zamani iko wapi?" akauliza. Tukanyamaza.

Kisha akamweleza ahli yetu, maana sasa alikuwa akizungumza naye, si nasi. Nasi twayanukulu kwa ajili ya mama anayepeleka watoto shule peke yake. Ikisikika milio mingi ya haraka na taa zikafifia, umeme haufiki wa kutosha: ama betri imekwisha chaji, ama waya umelegea au vichwa vya betri vimeshika ule unga mweupe au wa kijani. Hapo hutazamwa kwanza, kabla ya kuutazama mkoba. Mlio mmoja mzito, na taa zimesimama vyema, aghalabu ni stata. Kimya kabisa na taa zinang'aa, tazama gia. Huenda haiko kwenye P. (Jirani yetu mmoja aliita fundi kwa sababu hiyo tu, nasi hatumtaji.) Injini ikizunguka kwa nguvu lakini isiwake, betri haina kosa, tafuta petroli au cheche ya plagi, na geji ya mafuta usiiamini sana. Na gari likiwaka kwa betri mpya kisha likazidi kudhoofika siku hadi siku, huenda oltaneta haichaji: injini ikinguruma, mita yapasa isome baina ya volti 13.8 na 14.5 hivi.

Akika tuliiahirisha hadi siku ya kumi na nne, nafasi ambayo wanazuoni wameitaja. Binti yetu hakutulaumu. Aliuliza tu kama mbuzi amepatikana. Ahli yetu tulimwomba radhi, naye akatuacha tuombe kidogo kabla ya kuitoa. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya Alasiri, huzima gari, huvaa glovu, maana unga ule una tindikali, na kwa mswaki mkuukuu na birika la maji ya moto husugua vichwa vya betri, kisha huukagua waya wa athi kwa kidole. Sisi kazi yetu ni kumpakata mjukuu na kukaa kando.