Eyam, Kijiji Kilichojifungia

Huandikwa Eyam, ila wenyeji hutamka "Iim". Ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe kwenye vilima vya Derbyshire, katikati ya Uingereza. Mwenye haraka ataona maua madirishani akapita. Wewe tembea polepole, usome vibao vilivyo mbele ya nyumba: vina majina ya waliofia humo.

Mwaka 1665 robota la vitambaa lilifika hapa kutoka London, mji uliokuwa ukiangamia kwa tauni. Inasimuliwa kuwa fundi nguo, George Viccars, alivikuta vina unyevu akavianika mbele ya moto, na viroboto wakaamka. Septemba hiyohiyo alizikwa.

Juni 1666, mchungaji kijana William Mompesson alishikana mkono na Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyepoteza wadhifa kwa kukataa utaratibu mpya wa Kanisa. Wakawaomba watu jambo zito: asitoke mtu. Wakakubali. Aliyelelewa Pwani atakumbuka mafundisho ya Mtume kuhusu mji ulioingiwa na tauni: aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie.

Shika njia ya Stoney Middleton ulione jiwe la mpaka. Juu yake kuna matundu sita. Humo walitia siki na sarafu, wauza chakula wakachukua malipo bila hofu. Upande wa kaskazini kuna Kisima cha Mompesson, walipoachiwa mahitaji vivyo hivyo.

Nje kidogo ya kijiji, ukuta wa mawe umezunguka makaburi ya Riley. Agosti 1666, ndani ya siku nane, Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wao sita. Mwezi huohuo alifariki Catherine, mke wa Mompesson. Kaburi lake liko uani mwa kanisa, palipo na msalaba wa mawe wa kale kuliko kanisa lenyewe. Ibada zilihamia bonde la Cucklet Delf, watu wakiachiana nafasi. Hadi leo waliokufa hukumbukwa Jumapili ya mwisho ya Agosti.

Tauni ilikoma Novemba, ikiwa imechukua watu wapatao 260. Vijiji jirani vilisalimika.

Kabla ya kuondoka, rudi kwenye lile jiwe. Halikuwa na ukuta wala lango. Mtu angelipita kwa hatua moja.