Mizimu ya shule ya manamba

Wadau, ukitaka kuheshimiwa Dar es Salaam, sema kwenu ni Handeni. Hata kama mlikuwa mnagombania kiti kwenye daladala, mwenzako atakuachia. Uchawi wa nchi nzima umebebeshwa wilaya moja, na majirani zao wa Korogwe nao hawajasalimika.

Kwa hiyo tuliposikia kuna shule iliyokufa katikati ya wilaya hizo mbili, ambako usiku watoto wasioonekana huimba tebo ya saba, kijiweni hakuna aliyeuliza kama twende. Swali lilikuwa nani ana gari. Tukaenda watatu: mimi, mpiga picha mmoja, na dada wa redio mwenye kinasa sauti chake. Nia yetu ilikuwa kuwinda mizimu, kama wale Wazungu wa kwenye televisheni.

Jina la shule silitaji. Watu wa kule wamechoka kusingiziwa.

Sasa jamani, kule huingii kwenye gofu saa saba za usiku na tochi yako tu. Ukikutwa, hakuna atakayeuliza kitambulisho cha uandishi. Tukaanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukasaini kitabu cha wageni, naye akatupa mzee wa kutuongoza, aliyesoma hapo hapo mwishoni mwa miaka ya 1960.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekula?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Habari za mizimu hakugusia.

Shule yenyewe ni majengo mawili ndani ya shamba la zamani la mkonge. Mabati yameondoka karibu yote, fremu za milango hazipo. Ubao uliopakwa rangi nyeusi ukutani bado unaonekana. Ndani ya darasa la pili mkonge umeota na kutoa mlingoti uliopita pale paa lilipokuwa.

Tulikaa kuanzia saa nne. Popo walikuwapo, bundi naye akaja. Saa saba na nusu tukasikia ta, ta, ta, kama mwalimu anagonga dawati kwa fimbo. Mpiga picha alinishika mkono na hakuuachia. Mzee akanyanyuka bila haraka, akaelekeza tochi juu: kipande cha bati kilichobaki, na upepo.

Tukacheka kile kicheko cha watu waliotaka kukimbia. Mzee hakucheka. Akasema, kama tumekuja kutafuta watoto, watoto wapo kweli, ila siyo darasani. Akatupeleka nyuma ya shule. Kuna vichuguu vidogo vidogo vya udongo, vimefunikwa na nyasi, havina msalaba wala jiwe lenye jina.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana sisi wa mjini mkonge tunaujua kwa jina tu. Uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1,000 ilitoka Florida, ikapona 62. Kutokana na hiyo 62, mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani.

Nani alikata majani yote hayo? Wazigua na Wasambaa wengi walikuwa na mashamba yao, hawakuitaka kazi ile. Basi watu wakatolewa mbali: Waha, Warundi, Wafipa, Wangoni, Wamakonde wa Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Mtu akipokewa anapewa namba, ndipo likatoka jina manamba. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Wengine walizaa kambini, wakazika kambini. Shule ile ilikuwa ya watoto wao.

Mzee alikaa juu ya jiwe akaanza kuita daftari la mahudhurio la darasa lake, kwa mpangilio ule ule wa mwalimu wao. Majina ya Kiha, ya Kirundi, ya Kimakonde, moja baada ya jingine, gizani. Kwa wengine alisema huyu yuko Tanga mjini, huyu alirudi kwao. Kwa watatu alinyoosha tu mkono kuelekea kwenye nyasi. Dada wa redio alikuwa analia, lakini kinasa sauti hakukizima.

Mimi nywele zilinisimama hapo, siyo kwenye bati.

Kwetu sisi mzimu siyo kitu cha kwenye sinema. Ni mtu wenu aliyetangulia. Mnamtaja, mnamfanyia tambiko, mnafagia kaburi lake. Sasa mtoto wa Muha aliyezikwa Korogwe, ambaye wazazi wake walihama na kazi, nani anamtaja? Ukiniuliza kwa nini watu wanasikia watoto pale, jibu langu ni hilo.

Kijijini wengi watakwambia shule ilifungwa kwa sababu ya mashetani. Mzee anasema ilikufa na mkonge. Nakumbuka shule ya wasichana ya Kashasha, kule Kagera: Januari 30, 1962 wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wakafika 95 kati ya 159. Ikafungwa Machi 18, ikafunguliwa Mei 21, ikafungwa tena Juni. Madaktari walikwenda, wakahesabu, wakaandika. Shule yenye wenyewe hupiganiwa hata ikiingiliwa na jambo lisiloeleweka.

Hii yetu ilikosa wenyewe. Kamba za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na uzalishaji ukazidi kushuka, hadi chini ya tani 40,000 katika miaka ya 1990. Korona ikanyamaza, kambi zikahama, madawati yakabaki bila watoto. Lakini kusema "mashetani" ni rahisi zaidi. Shetani haitwi kwenye kikao kujibu hoja.

Tulirudi bila picha ya mzimu hata mmoja. Tulichonacho ni sauti ya mzee na majina 31. Nakala tumemwachia mwenyekiti, na amesema nyasi zitafyekwa. Nitafuatilia.

Na wewe msomaji, hasa kama asili yenu ni Kigoma, Rukwa au Songea: waulize wazee nyumbani kama kuna babu aliyekwenda Tanga kukata mkonge asirudi. Wakikwambia yupo, uliza jina lake, kisha liandike mahali.